Virusi vya ng'ombe kwenye ngozi ya punda

Mkoani Dodoma punda na ng'ombe hulala zizi moja. Wanakunywa lambo moja, wanajikuna kwenye nguzo zilezile, na nzi aliyetoka kwenye jicho la ndama muda si mrefu hutua kwenye kidonda cha punda. Bahi, Chamwino, Kongwa, Chemba, kote ndivyo mifugo inavyoishi, na wala si kosa la mtu. Lakini upo ugonjwa mmoja wa ngozi ya punda na farasi ambao chimbuko lake ni ujirani huo. Watu wengi huutibu kama kidonda cha kawaida kwa miezi, hata mwaka mzima, bila kufahamu kwamba wanachokichokonoa ni uvimbe unaoota. Kitaalamu unaitwa sarkoidi, na duniani kote ndio uvimbe wa ngozi unaowapata zaidi farasi, punda na nyumbu wa kazi.

Katika makala haya nitaingia ndani ya seli, hadi kwenye protini moja fupi mno inayobeba sehemu kubwa ya lawama. Nafanya hivyo kwa sababu mfugaji anayeambiwa tu "usikate" hatatii, na ana haki ya kutotii, maana hajapewa sababu. Sababu iko kwenye molekuli. Ukishaielewa utaona mwenyewe kwa nini wembe, chuma cha moto na oili chafu huongeza tatizo, na kwa nini mchubuko mdogo wa mkanda unaweza kuishia kuwa nyama ya ukubwa wa ngumi.

Sura nyingi za ugonjwa mmoja

Sarkoidi haina sura moja, na hapo ndipo watu hupotea. Inaweza kuanza kama baka la mviringo lisilo na nywele, la kijivujivu, lenye magamba makavu, ukasema ni mashilingi. Utalikuta ndani ya paja, chini ya tumbo, kwenye govi la dume, kifuani panapopita mkanda, sikioni au karibu na jicho, yaani pale ambapo ngozi ni laini na nzi hupenda kutua. Baka la namna hiyo linaweza kukaa miaka bila kubadilika. Sarkoidi nyingine ni ngumu na yenye kukwaruza, inafanana sana na chunjua. Nyingine ni kinundu kilicho chini ya ngozi, kuanzia ukubwa wa punje ya hindi hadi ndimu. Ukikibonyeza unakisikia kikiteleza chini ya vidole. Na ipo ile inayotisha: nyama nyekundu, mbichi, iliyochomoza juu ya ngozi, inayovuja damu kila kamba ikiigusa, nzi hawabanduki, na harufu yake unaipata kabla hujamfikia mnyama. Punda mmoja anaweza kuwa na aina mbili au tatu kwa wakati mmoja, na baka lililokaa kimya muda mrefu linaweza kugeuka nyama mbichi ndani ya wiki chache baada ya kuumizwa.

Aina hii ya mwisho huchanganywa na mambo mawili. La kwanza ni nyama ya ziada inayoota juu ya kidonda halisi, hasa miguuni, ambako ngozi haina nafasi ya kujivuta na kuziba. La pili ni vidonda vya minyoo ya habronema, ambayo nzi huiacha kwenye jeraha au pembeni mwa jicho. Humo mara nyingi utakuta punje ndogo ngumu za njano. Mtaalamu mzoefu naye anaweza kusita mbele ya nyama nyekundu ya aina hii, kwa hiyo mfugaji aliyekosea asijilaumu.

Jambo moja la kutia moyo: sarkoidi haisafiri kwenda kwenye mapafu au ini kama zinavyofanya saratani nyingi. Hubaki kwenye ngozi na tishu zilizo chini yake. Ubaya wake ni kwamba huchimba pale ilipo, na ikiondolewa nusu hurudi, mara nyingi ikiwa kali kuliko mwanzo.

Ilivyojulikana kwamba ni virusi

Mwaka 1936 mtafiti Jackson wa Afrika Kusini aliuchambua uvimbe huu na kuutenga na aina nyingine za uvimbe wa ngozi. Mwaka 1951 Olson na Cook, huko Marekani, walichukua majimaji yaliyosagwa kutoka kwenye chunjua za ng'ombe wakayachanjia kwenye ngozi ya farasi. Vinundu vikaota. Vilifanana sana na sarkoidi, ila baada ya muda vilisinyaa vyenyewe, jambo ambalo sarkoidi ya asili hulifanya kwa nadra. Kisha mwaka 1977 Lancaster na wenzake walikuta vinasaba vya virusi vya papiloma vya ng'ombe, vilevile vinavyoleta chunjua, ndani ya sarkoidi ambazo farasi walizipata wenyewe, bila kuchanjwa na mtu. Tangu hapo ushahidi umerundikana kutoka kila bara. Kwa kifupi virusi hivyo huitwa BPV. Vinavyohusika zaidi ni aina mbili, BPV-1 na BPV-2, na baadaye ikaongezeka BPV-13 iliyogunduliwa Brazili.

Virusi hivi vinafanyaje kwa mwenyeji wao halali? Kwa ng'ombe, BPV huingia kupitia mkwaruzo na kufika kwenye seli za chini kabisa za tabaka la juu la ngozi. Seli hizo kazi yake ni kugawanyika, kupanda juu, kukomaa, kukauka na kubanduka. Virusi hupanda nazo. Vikiwa chini hutumia jeni zake za mapema, zile zenye herufi E, kuifanya seli igawanyike zaidi. Vikifika juu huwasha jeni za mwisho, zenye herufi L, ambazo hutengeneza ganda. Ganda hilo lina nakala 360 za protini iitwayo L1, zikiwa zimejipanga tano tano katika vifundo 72, na ndani yake kuna duara la DNA, yaani vinasaba vyenyewe, lenye jozi za besi (herufi za vinasaba) 7,900 na kidogo. Ng'ombe anapata chunjua, gamba la ngozi linabanduka likiwa limejaa virusi, na baada ya miezi kadhaa kinga ya mwili inaamka na chunjua zinaanguka. Kwa kawaida ndama anapona na maisha yanaendelea.

Hapa niongeze kitu ambacho mfugaji wa nchi kavu kama yetu anapaswa kukijua. Ganda la papiloma halina utando wa mafuta. Virusi vyenye utando wa mafuta hufa upesi vikikauka au vikiguswa na sabuni. Hivi havifi upesi hivyo. Vinaweza kubaki hai kwenye nguzo, kwenye kamba, kwenye tandiko la punda na kwenye kiberiti cha kuwekea nyembe. Jua la Dodoma peke yake halitoshi kukusafishia vifaa.

Virusi vinapokosa njia ya kutokea

Kwa punda mambo huenda mrama tangu mwanzo. Virusi vinaingia kupitia kidonda, lakini badala ya kukaa kwenye seli za juu zinazopanda na kubanduka, vinajikita kwenye fibroblasti. Hizi ni seli za tabaka la chini la ngozi, zile zinazotengeneza nyuzi za kolajeni zinazoipa ngozi uimara. Fibroblasti haipandi juu wala haibanduki, na haina mazingira yanayowasha zile jeni za L. Kwa hiyo ndani ya sarkoidi kwa kawaida utakuta jeni za mapema zikifanya kazi usiku na mchana, huku ganda halitengenezwi. Virusi vimenasa. Haviwezi kutoka, haviwezi kuzaa virusi kamili kwa wingi, na kilichobaki ni kuisukuma seli igawanyike bila mwisho.

Wapo watafiti waliopata dalili za virusi kamili kwa kiasi kidogo katika baadhi ya sarkoidi. Pia BPV-1 inayokutwa kwa farasi mara nyingine ina tofauti ndogo ndogo za vinasaba ambazo hazionekani kwa ile ya ng'ombe, na hilo limewafanya wengine waamini kwamba virusi hivi vimeshaanza kupita farasi kwa farasi. Mimi naona hoja hiyo ina uzito, na kwa mfugaji maana yake ni kwamba punda mwenye sarkoidi atengewe kamba na tandiko lake.

Lancaster na waliomfuata walibaini jambo jingine. Duara la DNA ya virusi halijichomeki ndani ya kromosomu za mnyama, tofauti na linavyofanya mara nyingi virusi vya papiloma vya binadamu katika saratani ya mlango wa kizazi. Linabaki pembeni, huru, ndani ya kiini cha seli, likiwa na nakala nyingi. Swali linakuja: seli ikigawanyika, mbona nakala hizo hazipotei? Jibu ni protini ya virusi iitwayo E2. Inashika duara la DNA kwa upande mmoja na kromosomu za seli kwa upande wa pili, ikisaidiwa na protini ya seli yenyewe iitwayo Brd4. Kromosomu zinapogawanywa kwa seli mbili mpya, virusi navyo vinagawanywa. Hakuna seli mtoto inayozaliwa bila urithi huo.

E5, protini ya amino asidi 44

Sasa tufike kwenye kiini cha jambo, na hapa nitakaa kidogo.

Punda akichubuka, chembe sahani za damu hukusanyika pale na kumwaga kichochezi cha ukuaji kiitwacho PDGF. Fibroblasti zina vipokezi vya PDGF kwenye utando wake. Sehemu moja ya kipokezi imechomoza nje ya seli, kipande kifupi kimepenya utando, na sehemu nyingine iko ndani. PDGF ikifika, inashika vipokezi viwili kwa mpigo na kuvisogeza pamoja. Vikisogeleana vinatiana fosfeti kwa ndani, na ishara inasafiri kutoka protini hadi protini mpaka kwenye kiini cha seli: gawanyika, sogea, ziba jeraha. Jeraha likishaziba, PDGF hupungua na vipokezi vinatulia. Bila utaratibu huu hakuna kidonda kingepona.

E5 ni protini inayotokana na mojawapo ya zile jeni za mapema za virusi. Ile ya BPV-1 ina amino asidi, yaani vipande vinavyounganishwa kujenga protini, 44 tu. Kipokezi inachokwenda kukichezea kina zaidi ya 1,100. Ni miongoni mwa protini fupi kabisa zinazojulikana kusababisha uvimbe, na karibu yote ni amino asidi zinazochukia maji, kwa hiyo haina pa kukaa isipokuwa ndani ya mafuta ya utando. Humo E5 mbili hujiunga zikawa pacha, na pacha hao hukishika kipokezi cha PDGF aina ya beta pale kwenye kile kipande kifupi kilichopenya utando. Kipokezi kimoja upande huu, kingine upande ule, vinaletwa pamoja, vinatiana fosfeti, ishara inaondoka.

PDGF ndiye mgeni anayesimama nje akabisha hodi, mwenye nyumba akasikia na kufungua. E5 imo ndani ya nyumba tayari. Inafungua mlango bila hodi kupigwa, na hakuna mtu nje wa kuondoka ili mlango ufungwe. Ndiyo maana seli inaendelea kupokea amri ya kuziba jeraha ambalo halipo, mwezi baada ya mwezi. Katika seli zilizochukuliwa kwenye sarkoidi za farasi, kipokezi hiki kimekutwa kikiwa kimewashwa, pamoja na mfululizo wa protini zinazobeba ishara yake.

Nikitafakari jambo hili huwa nastaajabu. Uponaji wa kidonda ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa ambazo mwili unazifanya, na ugonjwa huu haukuleta kitu kigeni. Umechukua kazi ileile na kuiondolea kikomo. Ukiweka kipande cha sarkoidi chini ya hadubini unaliona hilo wazi: fibroblasti nyembamba zilizosongamana, zikizunguka huku na huku bila mpango, na juu yake tabaka la juu la ngozi limenenepa na kuteremsha vidole virefu kuelekea chini, ndani ya uvimbe. Pale tabaka hizo mbili zinapokutana, fibroblasti zimesimama wima, zimejipanga mstari.

Kazi ya pili ya E5 ni kuuficha uvimbe. Karibu kila seli ya mwili hupaswa kuonyesha juu ya utando wake vipande vya protini inazozitengeneza, vikiwa vimeshikwa na molekuli za MHC za daraja la kwanza. Seli za kinga hupita, zinakagua, na zikiona kipande cha kigeni zinaua seli hiyo. Molekuli hizo za MHC hupitia sehemu ya seli iitwayo Golji kabla ya kupanda juu. E5 hukaa humohumo. Inajishikiza pia kwenye pampu inayotia asidi ndani ya Golji, hali ya asidi inapungua, na MHC zinakwama njiani. Uso wa seli unabaki mtupu. Walinzi wanapita na kukuta hakuna cha kukagua. Hilo linasaidia kueleza kwa nini sarkoidi ya punda inaweza kukaa miaka kumi.

Protini nyingine mbili za virusi, E6 na E7, zinasaidia. Msomaji aliyesikia habari za virusi vya papiloma vya binadamu huenda anajua kwamba E6 yao huiangamiza p53, na E7 yao huishika Rb, protini mbili zinazozuia seli isigawanyike ovyo. Za BPV-1 hazifuati njia hiyo. E7 yake haina hata ule mfuatano wa amino asidi wa kushikia Rb. E6 yake hushika paksilini, protini inayohusika na namna seli inavyoshikamana na mazingira yake na kubadili umbo. Seli zenye virusi pia huongeza vimeng'enya vinavyoyeyusha kolajeni iliyozizunguka, na kwa njia hiyo hupenya katikati ya ngozi nzima. Huko ndiko kuchimba tunakokuona kwa macho.

Kwa nini wembe haufai

Turudi zizini. Mwenye punda ameona nyama imechomoza. Anaikata kwa wembe usawa wa ngozi, anapaka oili chafu au anachoma kwa chuma ili damu ikauke. Siku chache panaonekana pamekauka. Baada ya wiki kadhaa nyama imerudi, kubwa zaidi, na watu wanaanza kusema punda amefanyiwa kitu.

Kilichotokea ni hiki. Vinasaba vya virusi hukutwa hata kwenye ngozi inayoonekana nzima kuzunguka uvimbe, nje kabisa ya ukingo wa nyama. Wembe umeondoa kilichochomoza na kuacha fibroblasti zenye virusi pande zote. Kisha jeraha jipya limemwaga PDGF, safari hii ile halali. Sasa fibroblasti zilizobaki zinasukumwa na PDGF kutoka nje na E5 kutoka ndani. Zinagawanyika kwa kasi, E2 inahakikisha kila moja inarithi virusi, na vimeng'enya vinafungua njia. Chuma cha moto kikichoma juu juu kinafanya vilevile, na oili chafu inaunguza ngozi na kulifanya jeraha likawie kufunga. Hata madaktari husita kukata kipande cha kupeleka maabara kama hawako tayari kuondoa uvimbe wote, kwa sababu hiyohiyo.

Na wembe uleule unaotumika kwa ng'ombe mwenye chunjua ukitumika kwa punda, umempelekea virusi mlangoni. Sarkoidi imeonekana mara nyingi ikiota kwenye kovu la zamani, miezi baada ya jeraha kupona. Kuhasi, kukata sikio kwa alama, kupiga chapa, mchubuko wa mkokoteni: yote hayo ni malango.

Nzi nao wamo. DNA ya BPV-1 imekutwa kwa nzi waliokamatwa karibu na farasi wenye sarkoidi, wakiwemo wale nzi wanaong'ata miguu ya mifugo. Kutoa samadi mbali na mahali punda wanaposimama mchana ni kazi ya kuchosha, najua, lakini inapunguza nzi kuliko dawa nyingi za dukani.

Lakini si kila punda anayelala na ng'ombe hupata sarkoidi. Virusi vimekutwa hata kwenye ngozi ya farasi wasio na uvimbe wowote. Virusi ni lazima viwepo, ila peke yake havitoshi. Baadhi ya farasi wenye aina fulani za jeni za MHC, zile zinazosimamia utambuzi wa kinga, hupata ugonjwa zaidi. Koo za farasi kama Quarter Horse zinaandamwa, Lipizzaner mara chache. Afrika Kusini, pundamilia wa milimani waliozaliana wenyewe kwa wenyewe katika hifadhi ndogo walipata sarkoidi kwa wingi, na vinasaba vya BPV vimekutwa pia kwenye uvimbe wa twiga na palahala huko. Kwa farasi ugonjwa huanza mara nyingi wakiwa vijana, kati ya miaka 3 na 6. Huo ndio umri punda anapoingizwa kazini kwa nguvu zote.

Papiloma tatu zisizofanana

Watu wanaosoma habari hizi mtandaoni huchanganya mambo matatu, kwa hiyo nizitenganishe upesi. Ndama wa farasi au punda mdogo anaweza kuota chunjua ndogo nyingi puani na midomoni. Hizo ni virusi vya papiloma vya farasi wenyewe, EcPV-1, na hupona zenyewe ndani ya miezi. Usizikate, usizichome. Pili ni sarkoidi, inayotokana na virusi vya ng'ombe. Tatu ni saratani halisi ya uume wa farasi wazee, inayohusishwa na virusi vingine vya farasi, EcPV-2, ambavyo vilielezwa karibu mwaka 2010. Hii huota kutoka kwenye seli za juu za ngozi, wala haihusiani na fibroblasti, na inaweza kusambaa hadi kwenye tezi za limfu na kuua. Dume mzee mwenye uchafu unaonuka unaotoka kwenye govi anastahili kuangaliwa mapema, asiachwe hadi ashindwe kukojoa.

Nini kifanyike kwa punda mwenye uvimbe? Baka tulivu lisilosumbua mara nyingi ni bora liachwe, lipigwe picha kwa simu kila baada ya wiki chache, na mkanda uhamishwe usiliguse. Uvimbe unaokua unahitaji daktari wa mifugo. Upasuaji unafaa ukifanywa kwa ukingo mpana wa ngozi nzima, kisu kilichogusa uvimbe kisikate tena ngozi safi, na ukifanywa mara moja kikamilifu. Kugandisha kwa baridi kali husaidia vinundu vidogo. Dawa ya kutibu saratani iitwayo sisplatini huchomwa ndani ya uvimbe. Na ipo BCG, chanjo ya kifua kikuu, ileile ambayo kila mama hapa nchini anaijua kwa kovu la begani la mwanawe: ikichomwa ndani ya sarkoidi iliyo karibu na jicho huamsha kinga iliyokuwa imefichwa macho, ingawa kurudia sindano kunaweza kuleta mzio mkali, kwa hiyo lazima iwe mikononi mwa daktari. Mionzi ndiyo inayosifiwa kwa matokeo bora katika nchi zenye hospitali kubwa za farasi. Kwa punda wa kubeba maji Chemba, tuseme ukweli, hilo haliko.

Na punda huyo ana thamani. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, baada ya miaka ambayo punda walitoweka vijijini na bei ikapanda. Kaya inayompoteza punda kwa sababu ya uvimbe uliokatwa vibaya, mzigo wake wa maji unahamia kichwani kwa mama na mabinti.

Virusi hivi vimewasaidia mabinti hao kwa njia nyingine. Katika miaka ya 1980 BPV-1 ndiyo iliyokuwa ikitumiwa zaidi maabara kuchunguza namna papiloma inavyobadili seli. Mwaka 1992 Kirnbauer na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba L1 ya BPV-1, ikitengenezwa peke yake bila virusi, hujipanga yenyewe ikawa ganda tupu lisilo na DNA, na ganda hilo huamsha kinga kali. Njia hiyo ndiyo iliyozaa chanjo ya virusi vya papiloma vya binadamu ambayo Tanzania iliianza nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Msichana anayepanga foleni shuleni Chamwino kuchomwa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ananufaika na kazi iliyoanzia kwenye chunjua ya ng'ombe.

Ganda la L1 la BPV-1 limejaribiwa pia kwa farasi huko Austria. Farasi waliochanjwa kisha wakachanjiwa virusi hawakuota vinundu, wasiochanjwa wakaota. Kwa kukinga, basi, njia ipo. Kwa kutibu ni habari nyingine, na sababu msomaji ameshaiona: ndani ya sarkoidi L1 haitengenezwi. Kingamwili zinazoitafuta L1 zikifika kwenye uvimbe ambao umeshaota hazikuti cha kushika. Ndiyo maana watafiti wengine walichukua kipande cha E7, ambayo seli za uvimbe huitengeneza kila siku, wakakiunganisha kwenye ganda la L1 na kuwapa farasi na punda wenye sarkoidi. Kwa baadhi ya wanyama uvimbe ulisinyaa. Kwa wengine haukutikisika, na kazi hiyo bado inaendelea.